Deliko Haikazwi kwa Nguvu



Barabara itokayo Kigali kwenda Rwamagana na Kayonza, hadi daraja la Rusumo mpakani mwa Tanzania, hupita katikati ya Kabuga. Mji huu uko katika sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, ukingoni mwa jiji upande wa mashariki. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapo usiku na mchana, na tangu mwaka 2019 bandari kavu ya Masaka iko jirani. Palipo na malori na mabasi hapakosi gereji, na palipo na gereji hapakosi Kiswahili. Lugha hii ilikuwa lugha ya mafundi na madereva wa Rwanda miaka mingi kabla ya sheria ya mwaka 2017 kuifanya kuwa moja ya lugha rasmi za nchi.

Tulifika Kabuga si kwa matembezi. Tuliitwa. Mfanyakazi mwenzetu mmoja alituletea habari kwamba katika gereji anayofanyia kazi, kijana wa miaka 19 anakaribia kukatwa mshahara wa wiki tatu. Kosa lake, tuliambiwa, ni kwamba "ameua injini". Gereji hiyo hatuitaji, wala hatumtaji mwenyewe, kwa sababu jambo lililotokea pale laweza kutokea, na hutokea, katika gereji yoyote. Tunalieleza hapa kwa faida ya mafundi wote na wanaojifunza ufundi.

MAMBO YALIVYOKUWA

Gari lilikuwa pikapu ya zamani ya Toyota, yenye injini ya familia ya K. Injini hizi zilianza kutengenezwa mwaka 1966 na ziliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 40. Ni injini ya silinda nne, kamshafti yake imo ndani ya bloku, na fundi mwenye spana chache aweza kuifungua na kuifunga. Ilikuwa imefanyiwa ovahoo: ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya. Kijana ndiye aliyepewa kumalizia. Alifunga kabureta, akafunga stata, akafunga deliko, akaunganisha waya.

Injini haikuwaka. Ilikohoa, ikatema moto kwenye kabureta, ikanyamaza. Wakaipigisha stata mpaka betri ikaisha. Wakaleta betri nyingine, nayo ikachoka. Siku ya pili mwenye gari akaja juu, mwenye gereji naye akaja juu, na hasira zote zikamshukia yule aliye chini kuliko wote.

Tulipofika tulifuatana na mzee mmoja fundi, aliyeanza kazi hii miaka ya sabini, wakati magari mengi ya petroli yalikuwa na deliko. Mzee hakuuliza ni nani mwenye makosa. Aliinama, akatazama, akaomba taa. Kisha akamwita kijana.

"Mwanangu, ulipoitia hii, iliingia mpaka mwisho?"

"Hapana, mzee. Ilibaki nafasi kidogo. Nikauliza."

"Ukajibiwa nini?"

"Nikaambiwa nikaze bolti, itashuka yenyewe."

Pale ndipo tulipoelewa kwamba habari hii si ya kijana mmoja.

DELIKO NI KITU GANI

Kwa faida ya wasomaji wasio mafundi, yafaa tueleze kwanza. Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kwa cheche ya umeme. Koili hutoa umeme wenye nguvu kubwa, volti elfu nyingi, na umeme huo hauna budi kufika kwenye plagi ya silinda inayostahili, kwa wakati unaostahili. Anayeugawa ni deliko. Ndani yake mna rota inayozunguka na kugusia njia za plagi moja baada ya nyingine, na chini ya rota mna platini zinazofunga na kufungua umeme wa koili. Kila platini zinapofunguka, cheche inaruka.

Wenzetu wa Tanzania na Kenya hukiita distributa. Sisi huku Rwanda, pamoja na ndugu wa Burundi na Kongo, husema deliko, na jina hili lina historia yake. Mwaka 1909, katika mji wa Dayton, Marekani, Charles Kettering na Edward Deeds walianzisha kampuni ya Dayton Engineering Laboratories Company, kwa kifupi Delco. Mitambo yao ya kuwashia ilitumika kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Wasemao Kifaransa wakalichukua jina la kampuni na kulifanya jina la kifaa chenyewe, na kwa njia ya Kifaransa likafika katika gereji zetu.

Kasi ya kazi yake ni ya kushangaza. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, deliko hugawa cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kwa kila sekunde. Kila moja kati ya hizo lazima ifike mahali pake wakati pistoni inakaribia kilele, ikiwa imekwisha kuubana mchanganyiko. Cheche ikiwahi mno, moto huisukuma pistoni kabla haijamaliza kupanda. Ikichelewa, nguvu inapotea na joto linabaki.

KOSA LA KWANZA: KUSADIKI ALAMA PEKE YAKE

Mzee alimwomba kijana aeleze alivyofanya. Kijana alieleza vizuri. Aliigeuza injini mpaka alama ya puli ikakaa sawasawa na alama ya bloku, akajua pistoni ya kwanza iko juu, akatia deliko rota ikitazama waya wa silinda ya kwanza.

Alama ilikuwa sahihi, lakini alama haikumwambia yote. Injini hizi hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa moshi. Ili kuyamaliza mapigo hayo, krankishafti huzunguka mara mbili, lakini deliko huzunguka mara moja tu. Kwa hiyo pistoni ya kwanza hufika kilele mara mbili, na alama ya puli hukaa sawa mara mbili. Mara moja pistoni imebana mchanganyiko na inangoja cheche. Mara ya pili imemaliza kutoa moshi, valvu zote mbili ziko wazi kidogo, na cheche ikija wakati huo haina kazi ila kutupa moto kwenye kabureta. Kijana aliipata alama katika mara ya pili. Deliko lake lilikuwa kinyume kabisa, nusu mzunguko.

Namna ya kujihakikishia ni rahisi, na haihitaji chombo cha bei. Ondoa plagi ya silinda ya kwanza. Weka kidole gumba juu ya tundu. Mwenzako aigeuze injini polepole kwa spana kwenye bolti ya puli, kwa upande inaozungukia siku zote. Pistoni inapopanda ikiwa inabana, utasikia hewa inakisukuma kidole. Hapo endelea kugeuza mpaka alama ikae mahali pake. Ikiwa alama imekuja bila hewa kusukuma kidole, hiyo siyo. Geuza mzunguko mmoja mzima zaidi.

Ikiwa kifuniko cha valvu bado hakijafungwa, kuna ushahidi mwingine. Tazama silinda ya nne. Valvu zake zinapopokezana, moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufungua, basi silinda ya kwanza iko kwenye kubana, na valvu zake zote mbili zimelegea. Fundi mwangalifu hutumia shahidi wawili, kidole na valvu, ndipo akaamini alama.

Kuna watu ambao, wakikuta deliko limeingia kinyume, hawalitoi. Wanahamisha tu waya za plagi, ya kwanza inakwenda mahali pa ya nne, ya tatu mahali pa ya pili, na gari linawaka. Mzee alikataa. Alisema injini itawaka, ndiyo, lakini fundi atakayekuja baada yako atafuata kitabu na kupotea, na huyo aweza kuwa kijana mwingine atakayekatwa mshahara. Kazi ya fundi ifanywe kwa namna ambayo mwenzake ataielewa.

KOSA LA PILI: KUKAZA KISICHOKAA

Hili ndilo lililomfanya mzee atikise kichwa. Kati ya mwili wa deliko na bloku kulikuwa na nafasi ya kama milimita tano, na bolti ilikuwa imekazwa juu yake kwa nguvu.

Katika injini nyingi za aina hii, kamshafti hulizungusha deliko kwa gia, na ncha ya chini ya deliko, ambayo ni kama ulimi wa bisibisi, huingia kwenye mfereji wa pampu ya oili na kuizungusha. Kwa maneno mengine, deliko halina kazi moja, lina kazi mbili: kugawa cheche na kuendesha oili. Ulimi ukikuta mfereji umekaa upande mwingine, deliko haliwezi kushuka mpaka mwisho. Hubaki limeinuka kidogo. Anayejua husimama hapo. Asiyejua hukaza bolti.

Tufikirie basi kama injini ile ingekuwa imewaka. Pampu ya oili haizunguki. Beringi mpya, krankishafti, kamshafti, vyote vinasuguana bila oili. Injini isingemaliza safari ya kutoka Kabuga mpaka Rwamagana. Kwa hiyo lile kosa la kwanza, la kuingiza kinyume, ndilo lililoiokoa injini isife kwa kosa la pili. Mwenye gereji, aliyekuwa akisema injini imeuawa, alinyamaza aliposikia hivyo. Injini ilikuwa hai, na sababu ya uhai wake ni kwamba ilikataa kuwaka.

NAMNA YA KULITIA SAWASAWA

Mzee alilitoa deliko, akamfanya kijana alitie upya kwa mikono yake mwenyewe, yeye akisimama kando. Tuliandika hatua zote kama zilivyofanyika, na tunazitoa hapa.

Kwanza, toa waya wa betri, na ondoa pete na saa mkononi. Ikiwa unatoa deliko la zamani ili ulirudishe, weka alama mbili kabla hujaligusa: moja ionyeshe mwili wa deliko ulivyokaa kwenye bloku, ya pili ionyeshe rota inatazama wapi. Dakika moja ya kuweka alama huokoa nusu siku ya kutafuta.

Pili, tafuta kubana kwa silinda ya kwanza kama tulivyoeleza, kisha weka alama ya puli kwenye digrii ambazo kitabu cha injini hiyo kinaagiza kabla ya kilele. Usichukue digrii za injini nyingine kwa sababu zinafanana kwa nje.

Tatu, chungulia ndani ya tundu la deliko kwa taa. Utaona mfereji wa pampu ya oili. Kwa bisibisi ndefu ugeuze mpaka ukae upande ambao ulimi wa deliko utaukuta. Katika injini iliyofanyiwa ovahoo, mzee aliongeza jambo: aliizungusha pampu kwa bisibisi, kwa upande inaozungukia, mpaka mkono ukasikia uzito. Uzito huo ni oili imefika.

Nne, tazama oringi ya deliko. Ikiwa imekauka au imepasuka, badilisha. Ipake oili kidogo.

Tano, na hapa ndipo wengi hukosea, usiitie rota ikitazama moja kwa moja mahali pa silinda ya kwanza. Meno ya gia yamekatwa kwa mshazari, na kwa hiyo deliko linaposhuka, rota hugeuka. Irudishe nyuma kiasi cha jino moja, ili ikishuka ije kusimama mahali pake. Utaona kwa macho inageuka kiasi gani. Ikipita au ikipungua, inua, jaribu tena. Jino moja si kitu kidogo. Tukichukua gia yenye meno 12, jino moja ni digrii 30 za rota, na digrii 30 za rota ni digrii 60 za krankishafti. Hakuna injini itakayofanya kazi vyema kwa kosa la digrii 60, na mara nyingi mwili wa deliko hauna nafasi ya kuzungushwa mpaka kosa hilo lirekebike.

Sita, deliko lishuke kwa uzito wake na kwa mkono tu, mpaka likae juu ya bloku bila nafasi yoyote. Likibaki limeinuka, usikaze. Litoe, urekebishe mfereji wa pampu. Au lisukume kidogo kwa mkono huku mwenzako akiigeuza injini polepole. Ulimi ukikutana na mfereji litashuka, utalisikia. Kisha uirudishe injini kwenye kubana na kwenye alama, uhakikishe upya rota inatazama wapi.

Saba, pima nafasi ya platini kwa fila geji zikiwa zimefunguka mpaka mwisho. Kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.4 na 0.5, lakini kitabu ndicho hakimu. Nafasi hii ipimwe kabla ya kurekebisha wakati wa cheche, kwa sababu ukiibadilisha nafasi, wakati nao unabadilika.

Nane, rudisha waya wa betri na utumie taa ya kupimia ya volti 12. Ncha moja iguse waya utokao kwenye koili kwenda kwenye platini, ncha nyingine iguse chuma cha injini. Washa swichi. Zungusha mwili wa deliko polepole. Platini zikiwa zimefunga, taa imezima. Zinapofunguka, taa inawaka. Pale pale inapoanza kuwaka ndipo cheche inaporuka. Kaza bolti hapo, si kwa nguvu za kuivunja. Na ukumbuke kanuni hii: ukizungusha mwili wa deliko kinyume cha mwendo wa rota, cheche inawahi, ukiuzungusha kufuata mwendo wa rota, cheche inachelewa.

Tisa, funika kofia. Waya wa silinda ya kwanza uwekwe pale rota inapotazama. Waya nyingine zifuate mpangilio wa injini, ambao kwa hii ni 1-3-4-2, kwa upande ambao rota inazungukia. Usikisie upande huo; geuza injini kidogo uione rota inakwenda wapi.

Kumi, gari litolewe nje penye hewa, maana moshi wa ekzosi ndani ya gereji iliyofungwa ni sumu inayoua bila harufu ya kukuonya. Injini ikiwaka, jicho la kwanza liende kwenye taa ya oili. Isipozimika mara moja, zima injini. Baada ya injini kupata joto, pima kwa taa ya taimingi, bomba la vakiumu likiwa limetolewa na kuzibwa.

Kijana alizifuata hatua hizi kwa saa moja na nusu hivi. Stata ilipiga mara mbili. Mara ya pili injini ikashika, na taa ya oili ikazimika. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenye gari aliingia akakaa kwenye kiti, akaisikiliza kwa muda mrefu.

DALILI ZA KOSA

Kwa wale ambao gari limekwisha kuwaka lakini wana mashaka, mzee alitupa dalili hizi. Cheche ikiwahi mno, stata husita kama imepigwa teke, na gari linapopanda kilima utasikia mgongano kama wa misumari ndani ya injini. Rwanda ni nchi ya milima, na dereva asiyejali mlio huo atatoboa pistoni. Cheche ikichelewa, gari ni zito, injini inachemka, ekzosi inakuwa nyekundu kwa joto, na petroli inakwisha kabla ya safari. Na ikiwa wakati wa cheche hautulii, unaruka huku na huku, basi kwanza shika shina la deliko ulitikise: ikiwa linacheza upande upande, bushi zimekwisha, na hakuna kurekebisha kutakakosaidia.

NANI ALIPE?

Sasa turudi kwenye mshahara wa wiki tatu.

Hatusemi kijana hakukosea. Alikosea kutotafuta kubana, na mwenyewe alikiri mbele ya wote. Lakini hakuna aliyekuwa amemfundisha. Miezi minane alikuwa ameosha vyuma, amebeba injini, amekaza magurudumu. Kila ilipofika kazi ya deliko, alitumwa kwenda kununua chai. Siku fundi mkuu alipokuwa na kazi nyingine, akaambiwa amalizie. Alipokuta jambo asilolielewa aliuliza, kama inavyompasa mfanyakazi mwema, na jibu alilopewa lilikuwa "kaza". Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Basi ujinga ulikuwa wa nani?

Tunayajua mawazo ya baadhi ya mafundi wakubwa. Wanaogopa kwamba wakimfundisha kijana siri za kazi, kesho atafungua gereji yake ng'ambo ya barabara. Lakini tulichokiona Kabuga ni kwamba ujuzi uliofichwa ulikaribia kuigharimu gereji ile injini nzima, pamoja na mteja. Siri ile haikumlinda yeyote.

Tulizungumza na mwenye gereji kwa muda mrefu, mbele ya wafanyakazi wake. Alikubali kwamba mshahara hautakatwa. Siku mbili ambazo kijana alikaa bila kupangiwa kazi hakukubali kuzilipa, na jambo hilo bado tunalifuatilia. Alikubali pia hatua zile kumi ziandikwe kwenye ubao na kutundikwa ukutani, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili.

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

Jambo la kwanza. Wenzetu wengi wa gereji ndogo hudhani kwamba sheria haiwahusu kwa sababu hawana mkataba wa maandishi. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inamgusa pia mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika mambo kadhaa, yakiwamo usalama na afya kazini na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo kijana wa Kabuga hakuwa peke yake, ila hakuwa amelijua hilo.

Jambo la pili. Fundi aliyejifunza kazini, bila kupita chuoni, aweza kupimwa kwa vitendo na kupewa cheti cha ujuzi alionao. Wenzetu wa ujenzi, kupitia chama chao cha STECOMA, walikwisha kuitumia njia hiyo. Mafundi wa magari nao hawana budi kuifuata, maana mwenye cheti husikilizwa anapobishana juu ya kazi yake.

Jambo la tatu. Wapo watakaosema deliko limepitwa na wakati. Ni kweli kwamba magari mapya hayana kifaa hiki. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta ndiyo inayoamua wakati wa cheche. Ni kweli pia kwamba magari ya Volkswagen yalianza kuunganishwa Kigali mwaka 2018, na pikipiki za umeme zinapita katika barabara zetu. Lakini pikapu za zamani bado zinabeba ndizi na mchanga, na zinawalisha watu. Zaidi ya hayo, hata kompyuta haina budi kujua pistoni ya kwanza iko wapi na inafanya pigo gani. Kijana anayeelewa sababu ya kuweka kidole kwenye tundu la plagi ataielewa kompyuta nayo. Anayeambiwa "kaza" tu, atapotea mbele ya vyote viwili.

Kwa hiyo, ndugu mafundi wakubwa, tunawaomba: siku mtakapotia deliko tena, msimtume kijana chai. Asimame hapo, aweke kidole chake kwenye tundu, aisikie hewa. Na ninyi vijana, kitu kikikataa kukaa, msikikaze. Simameni, ulizeni, na jibu likiwa halitoshi, ulizeni tena.

Tulipoondoka Kabuga jioni ile, pikapu ilikuwa imekwisha kuondoka kuelekea Rwamagana na mzigo wake. Kijana alikuwa chini ya gari jingine, akifungua deliko. Kabla hajaligusa, alikuwa ameweka alama mbili kwa chaki.